Steji Zimebaki na Majina: Ni Nini Kiliua Sinema za Magari?

Ukipanda matatu ya Thika Road na umwambie makanga unashukia Drive-In, atagonga bodi na dereva atasimama mahali panapofaa. Hatakuuliza ni Drive-In gani. Shida inaanza ukishashuka: hakuna drive-in. Hakuna skrini, hakuna foleni ya magari, hakuna sinema. Nenda ng'ambo ile nyingine ya jiji, Mombasa Road, na utakuta mambo ni yale yale. Steji inaitwa Bellevue, watu wa South C wanashuka hapo kila jioni, na wengi wa rika langu hawajui kwamba Belle-Vue ilikuwa sinema.

Nairobi ilikuwa na Fox Drive-In upande wa Thika Road, na Belle-Vue upande wa Mombasa Road. Kwa wale ambao hawakubahatika, na mimi ni mmoja wao, mambo yalikuwa hivi: unaingia na gari lako, unaliegesha likitazama skrini kubwa nyeupe iliyosimama nje chini ya mawingu. Kando yako kuna kimlingoti chenye spika ndogo. Unaichukua, unaitundika kwa dirisha. Giza likiingia, picha inaanza. Mtoto akilia ni sawa, ukitaka kula chipsi na kuku ni sawa, ukitaka kuvua viatu uweke miguu kwa dashibodi, hakuna wa kukuangalia vibaya.

Kila mara mada hii ikizuka nyumbani ama kwa sherehe, wazee wanapumua na kusema zamani kulikuwa kuzuri. Sisi vijana tunajibu kwamba ni TV na simu zilimaliza hayo mambo, wazee wakubali tu. Mimi nimekaa na hii hadithi kwa muda, nikaisoma kutoka ilikoanzia, na nimefika mahali tofauti. Nasema hivi: sinema za magari ziliuawa na bei ya shamba. Na kwa sababu hiyo, hii si stori ya zamani. Kitu kilichozimeza bado kina njaa, na kinakula leo.

Hebu tuanze mwanzo.

Shuka ya kitanda na projekta juu ya boneti

Mwanzo wenyewe ni Marekani, mji wa Camden, jimbo la New Jersey, mwaka wa 1933. Jamaa anaitwa Richard Hollingshead. Familia yake ilikuwa na kampuni ya kutengeneza bidhaa za kutunza magari, kwa hivyo biashara ya gari aliijua. Ule ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, na watu walikuwa wanakata matumizi kila upande. Lakini vitu viwili waling'ang'ania mpaka mwisho: gari na sinema. Hollingshead akajiuliza kwa nini asiviunganishe.

Alifanyia majaribio nyumbani kwake. Aliweka projekta ya Kodak juu ya boneti ya gari, akafunga shuka katikati ya miti miwili, akaweka redio nyuma ya shuka ili sauti itoke huko. Halafu akafungua mpira wa kunyunyizia bustani maji, aone mtu akiwa ndani ya gari mvua ikinyesha ataona nini. Shida kubwa ilikuwa gari la mbele kuziba la nyuma. Akaweka magogo chini ya magurudumu ya mbele mpaka akapata pembe inayofaa. Kutoka hapo akabuni matuta: kila safu ya magari inapanda kidogo, pua juu, na kila mtu anaona skrini kupitia kioo cha mbele, juu ya paa la mwenzake. Hayo matuta ndiyo yalikuwa uvumbuzi wenyewe. Alipewa hataza yake tarehe 16 Mei 1933, na tarehe 6 Juni mwaka huo huo akafungua milango. Bei ilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu aliye ndani, na gari zima halikulipa zaidi ya dola moja.

Mwanzoni sauti ilikuwa balaa. Spika kubwa zilikaa karibu na skrini, zikipiga kelele mpaka kwa majirani, na gari la nyuma lilisikia maneno yakiwa yamechelewa kuliko midomo. Spika ndogo ya dirishani ilikuja miaka ya arubaini. Baadaye sana ikaja njia ya kutumia redio ya gari lenyewe.

Hollingshead hakutajirika na wazo lake. Wenye sinema wengine walikataa kumlipa, wakaenda kortini, na mwaka wa 1949 hataza yake ikafutwa. Lakini vita vya dunia vilikuwa vimeisha, wanajeshi wamerudi nyumbani, wameoa, wamezaa, wamenunua gari na nyumba nje ya mji. Kufikia 1958 Marekani ilikuwa na sinema za magari zaidi ya 4,000. Kubwa kabisa kati yazo, kama ile ya Copiague huko New York, ilichukua magari 2,500 kwa ekari 28.

Angalia ni nani aliyekuja. Familia zenye watoto wadogo, watoto wakiwa wamevaa nguo za kulalia kabisa, kwa sababu kipande cha pili cha filamu kitawakuta wamelala kiti cha nyuma. Chini ya skrini kulikuwa na bembea. Wapenzi walikuja kwa sababu zao, na hizo hatuhitaji kuzieleza. Na vijana walikuja wakiwa wawili kwa viti na watatu ndani ya buti, ili walipie wawili. Wenye sinema walijua huo ujanja, ndiyo maana wengine waliamua kuwa na siku za bei moja kwa gari zima. Hawakuumia sana, kwa sababu pesa yenyewe haikuwa kwa tiketi. Sehemu kubwa ya tiketi ilienda kwa kampuni za filamu. Faida ilitoka kwa popkoni, soda na soseji. Mtu aliyetoka kwa buti naye pia anasikia njaa.

Orodha ya washukiwa

Kuanzia miaka ya sabini zikaanza kufa, na leo Marekani zimebaki kama 300. Moja ya zile bado ziko, Shankweiler's huko Orefield, Pennsylvania, ilifunguliwa 1934, mwaka mmoja tu baada ya ile ya Camden. Zilizobaki ni chache kabisa ukilinganisha na 4,000.

Ukiuliza Wamarekani ni nini kilifanyika, watakupa orodha ndefu. Wacha tuipitie mmoja mmoja kama polisi na washukiwa, halafu kila mmoja tumpime na Nairobi.

Mshukiwa wa kwanza ni saa. Mwaka wa 1966 Marekani ilipitisha sheria ya kusawazisha mtindo wa kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Kiangazi kwao jua linachelewa kuzama, na ukiongeza hiyo saa moja, filamu inaanza saa tatu usiku ama zaidi. Mwenye watoto na kazi kesho yake haendi. Kwetu? Hakuna kitu kama hicho. Tuko karibu na ikweta. Jua la Nairobi linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, Januari mpaka Disemba. Ukifikiria, sisi ndio tuliumbiwa drive-in. Saa moja jioni filamu imeanza, saa tatu uko njiani kurudi nyumbani.

Mshukiwa wa pili ni baridi. Sehemu za kaskazini mwa Marekani sinema hizi zilifungwa miezi mingi kwa sababu ya theluji. Kwetu kuna mvua za Aprili na Novemba, na Julai unahitaji blanketi. Basi.

Wa tatu ni televisheni ya rangi, halafu kaseti za video. Huyu ana makosa, siwezi kumtetea. Huko Marekani kila sebule ilipata sinema yake. Lakini Kenya televisheni ilianza 1962, na mpaka KTN ilipoingia 1990 nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja, tena nyumba nyingi hazikuwa na TV. Kaseti za video zilileta maduka ya kukodisha na vibanda vya video mtaani miaka ya themanini na tisini, na sinema zote ziliumia, za ndani na za nje. Hata hivyo sinema za ndani hazijaisha Nairobi. Nenda majumba ya kibiashara ya Westlands wikendi filamu kubwa ikitoka, uone foleni ya tiketi. Watu bado wanatoka nyumbani, wanalipa, wanakaa gizani na wasiowajua. Kwa hivyo hamu haikufa. Ni aina moja ya mahali ndiyo imekufa.

Wa nne ni filamu zenyewe. Kampuni kubwa zilipenda kupeleka filamu mpya kwa sinema za ndani, ambako zinaonyeshwa mara nne ama tano kwa siku. Drive-in inaonyesha mara moja ama mbili, usiku tu. Kwa hivyo nyingi zilibaki na mabaki: filamu za kutisha za bei rahisi, filamu za ngumi, na nyingine zikaishia kuonyesha zile ambazo huwezi kuangalia na mamako. Familia zikakimbia. Na karibu mwaka wa 2013 studio zilipoacha kusambaza reli za filamu na kuhamia dijitali, mwenye sinema aliambiwa anunue projekta mpya ya dola 70,000 ama zaidi kwa skrini moja. Wengine walifunga mlango wakaenda nyumbani.

Sasa ona huyu wa tano. Wote hao wanne wanakupunguzia wateja. Wanakuumiza, lakini unaweza kuvumilia, unaweza kubadilisha. Wenye drive-in wengi wa California walipoona mchana uwanja umekaa bure, walianza kuukodisha kwa wauzaji wa vitu vya mtumba. Yaani mchana Gikomba, usiku sinema. Biashara ilikuwa na akili. Lakini huyu wa tano hakuja kuchukua wateja. Alikuja na kalamu na hati ya shamba.

Hesabu ya ploti

Sinema ya magari inahitaji ekari kumi hivi, ikizidi hapo bora zaidi. Inahitaji iwe karibu na mji ili watu wafike, lakini si ndani ya mji, kwa sababu shamba huko ni ghali na taa za barabara zinaharibu picha. Kwa hivyo zote zilijengwa mahali pamoja: ukingoni, kando ya barabara kubwa inayotoka mjini. Camden ilikuwa hivyo. Fox ilikuwa hivyo. Belle-Vue ilikuwa hivyo.

Na ukingo wa mji haukai mahali pamoja. Unatembea.

Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi. Ile ya 2019 ilihesabu 4,397,073. Hao watu wote walilala wapi? Walienda kwa zile barabara kubwa zinazotoka mjini. Thika Road ikajaa, halafu ikapanuliwa, na Novemba 2012 ikazinduliwa kama superhighway. Mombasa Road ikajaa magodauni, ofisi na mitaa mpaka Mlolongo na kwendelea. Shamba ambalo lilikuwa nje ya mji sasa liko katikati.

Hebu fanya hesabu ya Kikenya. Ekari moja tunaigawa ploti nane za 50 kwa 100. Ekari kumi ni ploti 80. Toa za barabara ya ndani, bado umebaki na nyingi. Kila ploti inabeba gorofa ya nyumba za kukodisha, na kila nyumba inalipa kodi kila mwezi, mvua inyeshe ama isinyeshe. Upande wa pili wa mizani weka uwanja mtupu wenye matuta, unaofanya kazi saa nne kwa siku, na faida yake ni chipsi na soda. Wewe ungekuwa mwenye shamba ungefanya nini? Usinijibu haraka.

Ndiyo nasema TV ilimdhoofisha mgonjwa, lakini bei ya shamba ndiyo ilitia sahihi. Huko Marekani ni vile vile. Walijenga majumba ya maduka na nyumba juu ya matuta ya Hollingshead. Na kichekesho ni kwamba ndani ya hayo majumba ya maduka waliweka sinema, zenye skrini kumi na zaidi, mahali ambapo palikuwa na moja.

Mfano ambao haunitoki kichwani uko hapa jirani, Dar es Salaam. Dar walifungua drive-in yao 1966, huko Msasani, nchi ikiwa changa. Watanzania wana bahati, kwa sababu mwanahistoria Laura Fair ameandika kitabu kizima kuhusu sinema za miji yao, *Reel Pleasures*, kilichotoka 2018, na humo drive-in ya Dar imepewa nafasi yake. Basi, miaka ikapita, sinema ikafa kama zingine. Halafu tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar zikalipuliwa asubuhi moja. Marekani ikatafuta viwanja vipya, vikubwa, ambapo jengo linaweza kukaa mbali na barabara na kuzungushiwa ukuta. Huko Dar, kiwanja kilichopatikana ni kile cha drive-in. Kitu kilichobuniwa na Mmarekani kilivuka bahari, kikaburudisha watu wa Dar, kikafa, na juu ya kaburi lake ukajengwa ubalozi wa Marekani. Ningetunga hiyo, mngesema nimezidisha chumvi.

Mahali ambapo mtu yeyote mwenye gari angeingia usiku na mikeka na watoto, sasa unaingia na miadi, na simu unaacha mlangoni.

Ndani ya ua na nje ya ua

Sasa nageukia wazee wetu, kwa heshima. Hiyo "zamani kulikuwa kuzuri", tuulizane, kwa nani?

Drive-in ni sinema yenye geti, na tiketi ya kwanza ya kuingia ni gari. Kenya ya miaka ya sitini na sabini, ni nani alikuwa na gari? Wazungu, Wahindi wafanyabiashara na makarani wakubwa, na Waafrika wachache waliokuwa wanapanda ngazi. Na kabla ya uhuru kulikuwa na jambo lingine juu ya hilo: wenye kukagua filamu waliweka alama kwa filamu ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kuziona hata kama pesa ya tiketi anayo. Marekani nako usifikiri ilikuwa peponi. Majimbo ya Kusini, ubaguzi ulifuata watu mpaka ndani ya gari. Kuna sinema za magari zilizowakataza watu weusi kabisa, na kuna zilizowatengea upande wao.

Ndiyo maana ukikutana na Mhindi mzee aliyezaliwa Nairobi na sasa anaishi Leicester ama Toronto, mtaje tu Belle-Vue uone macho yake. Kwao ilikuwa Jumapili yenyewe: filamu ya Kihindi, sufuria za chakula kutoka nyumbani, magari ya jamaa yamepangwa pamoja, akina mama wanapitishiana samosa dirishani. Wengi waliondoka kuelekea Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini, sheria za uraia na leseni za biashara zilipokaza. Kwa hivyo drive-in yao haikuzeeka. Walipoondoka, iliganda ikiwa changa, kama picha ya albamu.

Mjomba wangu anakumbuka kitu tofauti. Yeye alikulia Mathare, na anasema drive-in aliijua vizuri sana, kutoka nje. Kulikuwa na mahali ambapo wangesimama na kuona skrini ikiwa imepinda upande, kubwa, bila sauti hata kidogo, kwa sababu sauti ilikuwa imefungiwa ndani ya magari ya wenyewe. Basi mmoja wao alikuwa anatunga maneno. Mzungu wa kwa skrini akifungua mdomo, huyo kijana anaongea Kikuyu ama Kijaluo, anamkopesha mwenzake pesa, anamtukana chifu, anaomba ugali zaidi. Mjomba anacheka akisimulia mpaka machozi. Siku moja nilimuuliza kama aliwahi kuingia ndani alipopata gari. Akasema wakati alipopata gari, ilikuwa imefungwa.

Niliposikia hiyo nilinyamaza. Kuna watu wanatamani drive-in kwa sababu walikuwa ndani, na kuna watu wanaitamani kwa sababu walisubiri zamu yao na zamu haikufika. Hao wa pili hakuna anayewahoji.

Na tusisahau kwamba Mkenya wa kawaida alikuwa na sinema yake ya nje, tena ya bure. Serikali ya mkoloni, na baadaye kampuni za sabuni, mafuta ya kupikia na kadhalika, zilituma magari ya sinema sokoni na kwa viwanja vya shule. Jioni dereva anafunga kitambaa cheupe, jenereta inanguruma, kijiji kizima kinakaa chini kwa nyasi. Katikati ya vichekesho wanakuwekea tangazo. Ona vile mambo yamegeuka: Marekani wewe unapeleka gari kwa skrini, Kenya gari ndilo linakuletea skrini. Na huko hakuna aliyeachwa nje ya ua, kwa sababu hakukuwa na ua.

Kile tunachokitamani hasa

Mwaka wa 2020 korona ilipofunga sinema za ndani, dunia ilikumbuka drive-in ghafla. Marekani zile chache zilizobaki zilijaa, na watu wakafungua za muda kwa maegesho ya maduka. Hata hapa Nairobi baadhi walijaribu. Lakini ona vile historia ina dharau: kafyu ya Machi 2020 ilianza saa moja jioni, dakika chache tu baada ya jua kuzama. Kwa hivyo mpaka saa zilipolegezwa, hata hiyo giza ya kuonyeshea filamu hatukuwa nayo. Na zile za muda zilipokuja, zilikuwa kwa maegesho ya mtu, kwa ruhusa ya mtu, kwa bei ya mtu. Korona ilipopungua, maegesho yakarudi kuwa maegesho.

Hiyo inaniambia kitu. Skrini ya kupuliza unaweza kukodisha. Projekta zimekuwa rahisi. Sauti unarusha kwa redio ya gari. Vifaa vyote alivyohangaika navyo Hollingshead, leo kijana wa kupiga picha za harusi anavyo. Kitu kimoja tu ndicho hatuna: mahali. Uwanja wazi, ndani ya jiji, ambapo familia inaweza kukaa usiku kwa usalama, bila kununua kahawa ya shilingi mia nne ndiyo mlinzi akuache.

Nafikiri hiyo ndiyo wazee wanaitamani, hata kama wanaiita sinema. Wengi ukiwauliza filamu ilikuwa gani, wamesahau. Wanakumbuka hewa, blanketi, harufu ya chipsi na siki, baba akiwa hajakasirika kwa mara moja. Wanakumbuka jiji lililokuwa na nafasi ya mtu kukaa tu.

Kwa hivyo sitakuambia turudishe Fox. Shamba limeenda, na drive-in yenye geti na tiketi ya gari si ndoto ninayoitaka. Kama tutarudisha kitu, turudishe ile ya kitambaa na nyasi: filamu za Wakenya, na ziko nyingi nzuri zisizo na pa kuonyeshwa, zikionyeshwa usiku kwa uwanja wa mtaa, mwenye gari akae kwa gari, mwenye mkeka akae kwa mkeka, mwenye miguu asimame. Hiyo haihitaji ekari kumi. Inahitaji uwanja wa mpira na taa za barabara zizimwe saa mbili.

Lakini huo uwanja lazima uwepo kwanza. Na tunajua unaweza kuokolewa, kwa sababu umewahi kuokolewa. Mwaka wa 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la gorofa 60 ndani ya Uhuru Park, chama tawala kikiwa nyuma yake. Wangari Maathai aliandika barua, akatukanwa bungeni, akaendelea kuandika, na jumba halikujengwa. Angenyamaza, leo tungekuwa na steji inaitwa Uhuru Park na watoto wetu wangeuliza bustani ilikuwa wapi.

Sinema za magari hazikupata mtu wa kuandika barua. Labda hazikustahili, zilikuwa biashara ya mtu, kwa shamba la mtu, na mwenye shamba ana haki ya kuuza. Uwanja wa mtaa wako si shamba la mtu. Ni wa umma, na pengine hati yake inatembea kwa ofisi fulani hivi sasa tunapoongea. Uliza MCA wako hati iko wapi. Uliza kwa maandishi, weka nakala. Ukisikia mabati yameanza kuzungushwa kwa kile kiwanja ambacho mnachezea mpira, usingoje mpaka skrini iwe imeanguka ndiyo uanze kuikumbuka.